Mtoto Asiyeandikwa: Historia Fupi ya Elimu Maalumu Mbeya na Iringa

 

Mwaka huu sisi wa kamati ya fedha tumeomba tupewe kurasa za historia katika kijitabu chetu cha harambee. Kuna jambo ambalo jedwali la mapato na matumizi peke yake haliwezi kulieleza. Harambee hii ni kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule za serikali za nyumbani, na wanachama wengi wametuuliza swali moja: kwa nini fungu la kwanza la bajeti tumeliweka kwenye upimaji na ubainishaji wa watoto, wakati kila anayekwenda likizo anaona kwamba mabweni na madarasa hayatoshi?

Sisi ni watu wa hesabu, na wahenga walitufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipoitazama historia ya nyumbani tuliona kwamba na watoto hupotea hivyo hivyo. Tukisema nyumbani tunamaanisha Mbeya na Iringa za mipaka ya zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, kwa sababu mambo mengi tutakayoyasimulia yalitokea kabla ya mgawanyo huo.

SHULE ZILIPOKUWA MBALI

Shule ya kwanza ya watoto wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa na Kanisa Anglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Miaka ya 1960 zikafuata nyingine. Walutheri walifungua ya wasioona Irente, Lushoto. Kanisa Katoliki likafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963. Dar es Salaam, Shule ya Uhuru Mchanganyiko ikaanza kuwapokea watoto wasioona wasome pamoja na wenzao wanaoona.

Itazameni ramani. Katika orodha hiyo hakuna shule hata moja ya Nyanda za Juu Kusini. Mzazi wa Makete, Ludewa au Ileje aliyekuwa na mtoto asiyeona alipaswa kwanza asikie kwamba shule ya namna hiyo ipo, kisha apate mtu wa kumwandikia barua, kisha amsafirishe mtoto mamia ya kilomita. Barabara kuu iendayo Zambia ilikuwa bado haijawekwa lami, na treni za TAZARA zilianza kazi katikati ya miaka ya 1970. Kumpeleka mtoto wa miaka saba Buigiri au Tabora kulikuwa kama kumwoza ugenini. Hujui utamwona tena lini.

Waliofika huko ni wale waliobahatika kuonwa na padre, mchungaji, mganga wa zahanati au mwalimu aliyekuwa na habari. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kuwatambua watoto wetu: bahati ya kukutana na mtu anayejua. Watoto wa namna hiyo walikuwapo katika kila kijiji, lakini hakuna aliyekuwa na kazi ya kuwatafuta.

Waliobaki walikaa nyumbani. Wengine walilea wadogo zao, walichunga, walimenya mahindi, walifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyeihesabu. Mwenye kifafa alitengwa hata sahani yake, kwa kuwa watu waliamini kwamba povu la mdomoni huambukiza. Majina tuliyokuwa tukiwaita yalifunga mjadala: bubu, taahira, asiyejiweza. Ukishamwita mtoto asiyejiweza, huna haja tena ya kuuliza anaweza nini.

ELIMU KWA WOTE, 1977

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, ikaanza kutekelezwa. Mwaka uliofuata Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha shule mtoto aliyefikisha miaka saba. Viongozi wa vijiji na walimu walipita kaya kwa kaya kuandika majina. Wazazi wetu wanakumbuka madarasa ya miti na udongo, zamu za asubuhi na mchana, na walimu wa UPE waliojifunza kazi huku wanafundisha. Lilikuwa jambo kubwa, na wengi tunaosoma kijitabu hiki tusingekuwa hapa bila hilo.

Sheria haikumkataza mtoto mwenye ulemavu. Lakini aliyekuwa akiandika majina hakuwa na swali la kuuliza kuhusu macho, masikio wala uelewa wa mtoto. Ikatokea hali ya namna mbili. Mtoto ambaye ulemavu wake ulionekana wazi mara nyingi hakuandikwa kabisa. Mzazi alisema "huyu mgonjwa" na mwandishi akapita. Mtoto ambaye tatizo lake halikuonekana aliandikwa kama wengine, akaketi darasani, na tatizo likamfuata humo.

Tuliosoma huko miaka ya 1980 na 1990 tunawakumbuka hawa wa pili. Alikuwapo aliyesogeza daftari mpaka puani. Alikuwapo aliyejibu swali ambalo hakuulizwa, darasa likacheka. Alikuwapo aliyerudia darasa mpaka akawa mrefu kuliko mwalimu wa zamu. Tuliambiwa ni wazito, wavivu, watoro. Fimbo ilitumika kutibu uoni hafifu. Mtoto mwenye ualbino aliwekwa nyuma kwa kuwa ni mrefu, na ubao ulikuwa mbali mno kwa macho yake. Wengi waliishia darasa la nne, na katika kumbukumbu za shule sababu iliyoandikwa ni utoro.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, na mwaka 1982 Bunge letu likapitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo yao. Zilikuwa hatua njema. Lakini mtu huwezi kumwajiri wala kumtunza vizuri kama utotoni alipita bila kujulikana.

MADINI JOTO NA MIZANI YA KIJIJI

Sasa tufike kwenye sehemu ya historia ambayo ni yetu hasa.

Udongo wa milima yetu una upungufu wa madini joto. Ndiyo maana wazee wengi wa nyumbani wana tezi shingoni, na zamani uvimbe ule ulionekana kuwa jambo la kawaida, wengine wakiutania. Tezi ilikuwa dalili ya nje tu. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyopaswa. Anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili, au kiziwi, au vyote viwili. Miaka ya 1980 watafiti, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973, walithibitisha kwamba Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana nchini. Kuanzia mwaka 1986 vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kuliwa iwekewe madini hayo. Kwa hiyo sehemu ya wale tuliowaita mabubu na mataahira walikuwa hivyo kwa kukosa kitu kinachotosha ndani ya chumvi ya kijiko. Haikuwa laana ya ukoo wala mkono wa jirani. Ni watu waliokuja kupima ndio walioligundua hilo.

Wakati huohuo Iringa ilikuwa ikifanya jambo ambalo dunia ilikuja kujifunza kwetu. Mwaka 1983 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa fedha kutoka Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Kiini chake kilikuwa mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya watu, na kadi ikaonyesha kijani, kijivu au nyekundu. Baada ya kupima, kamati ya kijiji ilikaa na kuuliza: nani yuko kwenye nyekundu, kwa nini, na tunafanya nini kabla ya kupima tena? Pengine mama yuko shambani kutwa na mtoto anakula mara mbili tu. Pengine ni malaria. Pengine baba anakunywa ulanzi wa fedha ya chakula. Kijiji kiliamua kwa uwezo wake: sehemu ya kulelea watoto mchana, uji wa kimea, wahudumu wa afya wa kijiji.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mpango ukapanuliwa, mikoa mingine ikauiga, na fikra zilizokomaa Iringa zikaingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990.

Tunalisimulia hili kwa sababu lina somo la fedha. Mizani ya kijiji ni kifaa cha bei ndogo kuliko bati za zahanati. Lakini ndiyo iliyomfanya mtoto wa kaya ya mwisho kilimani aonekane, na mtoto akishaonekana mbele ya watu wote, hakuna mwenyekiti wa kijiji anayeweza kusema hakujua.

SWALI LILIPOBADILIKA

Somo la pili linatoka kwenye sensa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2 hivi ya Watanzania wote. Mwaka 2008 ukafanyika utafiti maalumu wa kitaifa, ukakuta asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi. Sensa ya 2012 ikapata asilimia 9.3 ya watu wa umri huo, na ya 2022 ikapata 11.2.

Yeyote anayefanya ukaguzi wa hesabu akiona tarakimu imeruka kutoka 2 hadi 7.8 kwa miaka sita atauliza kilichobadilika. Ulemavu hauwezi kuongezeka kwa kasi hiyo. Wigo wa umri haukuwa uleule, lakini kubwa zaidi ni kwamba swali lilibadilika. Zamani karani aliuliza kama ndani ya nyumba kuna mlemavu, na watu wengi hawakupenda kujibu ndiyo. Baadaye aliuliza kila mtu kwa utaratibu: una shida ya kuona hata ukivaa miwani? Ya kusikia? Ya kutembea? Ya kukumbuka au kuzingatia? Ya kujihudumia? Ya kuwasiliana? Aliyeulizwa hivyo alijibu bila aibu, kwa sababu hakuna aliyempa jina baya kwanza.

Sheria nazo zilisogea. Azimio la Salamanca la mwaka 1994, ambalo nchi 92 zilikutana Hispania kulijadili, lilisema shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kumfaa kila mtoto. Kwetu ada ya shule za msingi ikafutwa na MMEM ikaanza mwaka 2002. Sera ya taifa ya watu wenye ulemavu ikatoka mwaka 2004. Mkakati wa elimu jumuishi ukaanza mwaka 2009. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ikaweka haki ya mtoto huyu kusoma, na kamati za kumtetea kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Elimu bila ada ya mwaka 2016 ikaongeza watoto mlangoni.

Na nyumbani kukajengeka vitu vya kujivunia. Leo kuna Shule ya Viziwi Mtwivila mjini Iringa na ya viziwi Njombe. Makalala kule Mafinga, Mwenge jijini Mbeya na Katumba II wilayani Rungwe ni shule za msingi zinazojulikana kwa kuwapokea watoto wenye mahitaji maalumu. Mjini Iringa pia Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ikiwa na vijana watatu viziwi, imekuwa ushahidi kwamba kijana kiziwi akipata ufundi anaweza kujilipia kodi ya nyumba.

KWA NINI KUPIMA KWANZA

Tunarudi kwenye swali la wanachama. Hoja ya wanaotaka mabweni ni nzito, na tunaiheshimu. Wanasema: mkishampima mtoto mkamkuta kiziwi, mtampeleka wapi? Kumpa mtoto jina la ulemavu bila kumpa msaada ni kumwongezea mzigo. Ni kweli. Mizani ya Iringa isingemnenepesha mtoto hata mmoja kama kijiji kisingekaa baada ya kupima.

Lakini tuweke mambo matatu mezani.

La kwanza, sehemu kubwa ya watakaobainika hawahitaji bweni. Kinachohitajika kumpima mtoto macho kwa mara ya kwanza ni chati ya herufi E, mita sita za uwanja, na mwalimu aliyefundishwa. Kumpima masikio kwa mara ya kwanza ni kumwita kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, sikio moja baada ya jingine. Mwenye usaha masikioni anahitaji zahanati. Mwenye uoni hafifu anahitaji miwani, au dawati la mbele na maandishi makubwa. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mafuta ya kukinga jua pia. Mwenye kifafa anahitaji dawa ya kila siku ambayo si ghali, na kijiji kinachojua kwamba povu haliambukizi. Kwetu ambako nguruwe hufugwa kwa wingi, kinahitaji pia kijue kwamba tegu wa nguruwe anaweza kuingia kwenye ubongo na kuleta degedege, na kwamba choo na banda la nguruwe ni kinga. Hawa wote wanaweza kulala kwao na kusoma shule ya kijijini. Mabweni yabaki kwa wale ambao kweli hawana njia nyingine.

La pili, fedha ya umma hufuata orodha. Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi imekuwa ikikokotolewa kwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwalimu mkuu hujaza takwimu kila mwaka zikiwamo za wanafunzi wenye ulemavu. Mwalimu wa elimu maalumu aliyehitimu Patandi hupangwa kule ambako takwimu zinaonyesha anahitajika. Vivyo hivyo mashine za breli. Shule inayojaza sifuri, wakati watoto wapo kwenye madawati ya nyuma, imejinyima yenyewe. Kila mtoto tutakayemwandika kwa usahihi ni dai halali mbele ya halmashauri, mwaka baada ya mwaka, hata harambee hii ikiisha.

La tatu, umri hausubiri. Mtoto kiziwi akianza lugha ya alama akiwa na miaka mitano anapata lugha ya kufikiria na kuulizia. Akibainika akiwa na miaka kumi na miwili, ameishi miaka hiyo yote bila lugha kamili, na hakuna bweni litakalomrudishia. Majirani zetu wa Kenya walianza vituo vya upimaji vya wilaya mwaka 1984 kwa sababu hiyo. Kwetu vituo vya namna hiyo ni vichache bado, na mzazi wa kijijini hawezi kuvifikia bila nauli na bila mtu wa kumwambia aende.

TUNACHOOMBA

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Tunataka upimaji ufanyike wakati huohuo, kwa watoto wote wanaoandikishwa katika kata tutakazoanza nazo. Tumesema wote kwa makusudi. Tukiwaita "wenye matatizo" peke yao, wazazi watawaficha, kama karani wa sensa alivyofichwa. Kama ilivyokuwa siku ya mizani, kila mtoto anapita kwenye foleni moja, na hakuna anayenyooshewa kidole.

Fedha zenu zitalipia mafunzo ya walimu kwa kushirikiana na maofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, chati na vifaa vya kupimia, nauli ya mzazi na mtoto wanaopewa rufaa kwenda hospitali za rufaa Mbeya na Iringa, na fungu la msaada wa papo hapo: miwani, kofia, mafuta ya ngozi, karatasi za breli, fimbo nyeupe, marekebisho ya choo na njia ya kiti mwendo. Tumeweka sharti kwamba kazi haihamii kata nyingine kabla watoto waliobainika katika kata ya kwanza hawajapata walau msaada wa hatua ya kwanza. Hilo ndilo jibu letu kwa wanaoogopa kupima bila kusaidia.

Hamtaona picha za watoto hawa katika kijitabu hiki wala kijacho. Mtaona hesabu. Tutawaletea safu nne: waliopimwa, waliobainika, waliosaidiwa, na walioendelea kuwapo darasani baada ya mwaka mmoja. Safu ya nne ndiyo tunayotaka mtubane nayo kwenye mkutano mkuu, kwa kuwa tatu za kwanza zinaweza kupendeza huku mtoto amesharudi nyumbani.

Na kwa ambaye mwaka huu mfuko hauruhusu, kuna mchango usiohitaji fomu. Ukienda likizo Desemba, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jirani wa zamani, hesabu watoto wa nyumba ile walio na umri wa shule. Kisha uliza, kwa upole na bila kumfedhehesha mtu, kama kuna mwingine aliyeko ndani. Akiwepo, msindikize mzazi wake mpaka kwa mwalimu mkuu, na usiondoke mpaka jina la mtoto limeandikwa.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. 

Kamati ya Fedha